Kifungu cha Tisa na Tanuri la Mama Mkate

Mtaa wetu huamshwa na harufu ya mkate. Jua likiwa bado halijachomoza sawasawa, Mama Mkate ameshawasha tanuri lake. Unga ameukanda alfajiri, umeumuka vizuri, na sasa unangoja kwenye trei. Tanuri ni la matofali. Mumewe alilijenga katika chumba cha nyuma cha nyumba yao. Chumba hicho ni kidogo, lakini ni kisafi kuliko sebule za watu wengi, yangu ikiwemo.

Katika chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na tanuri, amelala mama mkwe wake. Bibi huyo alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili hauna nguvu, na hawezi kujigeuza kitandani. Asipogeuzwa mara kwa mara, ngozi ya mgongo huchubuka, kisha huwa vidonda. Kwa hiyo Mama Mkate huoka, huenda kumgeuza, hunawa mikono, hurudi kuoka. Bibi akiita, "Mwanangu," anasikika mpaka kwenye tanuri. Siku ya Mama Mkate huenda hivyo, na ya kesho yake pia.

Mumewe ni kinyozi. Kibanda chake kiko mwanzo wa mtaa. Watu humwita Asali kwa sababu ya ulimi wake. Asali anaweza kukunyoa upande mmoja ukapanda na mwingine ukashuka, na bado ukaondoka unamshukuru. Ni mtu mwema. Kosa lake ni kwamba anaamini hakuna jambo duniani lisilolainika kwa maneno.

Siku moja bwana afya alikuja kukagua. Alitazama maji, akatazama sakafu, akamwomba Mama Mkate anyooshe mikono ili aone kucha. Aliridhika. Lakini hakuondoka. Alisimama pale mlangoni akiikunja na kuikunjua kofia yake.

"Mama, kazi yako haina kasoro," alisema mwishowe. "Ila huenda mwakani nikaja kulifunga tanuri hili. Sitapenda, lakini itakuwa sheria."

Akamweleza. Serikali ilikuwa imepeleka bungeni muswada wa usalama wa chakula. Muswada ni sheria ambayo haijawa sheria bado. Watu walikuwa wameugua sana baada ya kula vyakula vilivyopikwa mahali pachafu, na wabunge walitaka kukomesha jambo hilo. Nia ilikuwa njema. Lakini kifungu cha tisa kilisema kwamba chakula cha kuuza kitengenezwe katika jengo ambalo hakuna mtu anayeishi ndani yake.

"Na chumba hiki?" aliuliza Mama Mkate.

"Chumba hiki kimo ndani ya nyumba, mama, na nyumba ina watu."

Jioni Asali aliporudi alimkuta mkewe amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Hakuwa amezoea kumwona mkewe amekaa. Mama Mkate alimweleza yote, kisha akauliza swali moja tu.

"Nikienda kuokea kule sokoni, mama atageuzwa na nani?"

Asali alikuwa kwenye kibanda kutwa nzima. Ndugu zake walikuwa mbali. Mtu wa kumlipa hawakumudu. Lakini Asali hakungoja hata chakula cha jioni. 

"Niachie mimi," alisema. "Mbunge ni mtu kama watu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni."

Basi akakusanya waokaji wenzake na mkewe. Mtaani kwetu na mitaa ya jirani wapo wengi wanaookea nyumbani. Mmoja wao ni mwanamume mnene, mpole, anayeoka skonzi, na jina lake limekuwa hilohilo, Skonzi. Asali aliwapanga. Waliambiwa wavae nguo za kutokea. Mama Mkate aliambiwa aoke keki kubwa ya kumpelekea mheshimiwa. Aliioka, ingawa hakuwa na moyo nayo, na akabaki nyumbani na mkwewe.

Yaliyotokea huko tulisimuliwa na Skonzi. Mbunge aliwapokea vizuri ofisini kwake mjini. Asali alisimama, akasalimu. Akamsalimia mbunge, akawasalimia wazazi wa mbunge, akawasalimia wote waliompigia kura na wote ambao wangempigia siku za mbele. Kisha akaanza kumsifu. Alisifu barabara. Alisifu kisima, ambacho kwa kweli kilichimbwa na mbunge aliyetangulia. Alisifu kilemba cha mheshimiwa, akasema rangi ile haimpendezi kila mtu. Mbunge alicheka. Keki ikakatwa, picha zikapigwa. Karibu na mwisho, katibu wa mbunge akachungulia mlangoni na kusema kuna wageni wengine. Mbunge akawashika mikono, akawashukuru kwa kumkumbuka.

Walirudi wakiimba. Mama Mkate alikuwa akiwangoja mlangoni.

"Amesemaje kuhusu kifungu cha tisa?"

"Amesema keki ni laini ajabu," alijibu Asali.

"Nimekuuliza kifungu."

Asali alitazama chini. "Tulikuwa tunakaribia kukifikia."

Skonzi alijaribu kumtetea rafiki yake. Alisema si adabu kuingia kwa mtu na kuanza na shida. Mtu husalimiwa kwanza, hupewa heshima yake, shida huja baadaye. Hilo ni kweli, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Lakini kuna salamu, na kuna kukimbilia ndani ya salamu kwa sababu unaona aibu kuomba. Mama Mkate alikasirika. Hakupiga kelele, maana mkwewe alikuwa amelala. Alichukua mtandio wake akaenda zake kwa Mama Taipu.

Mama Taipu ni jirani yao wa mlango wa pili. Amestaafu sasa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa bungeni, akichapa taarifa rasmi za vikao. Kila neno lililosemwa mle ndani lilipita masikioni mwake na kutokea vidoleni. Alimsikiliza Mama Mkate mpaka mwisho, kisha akasema waokaji wote waje kwake kesho yake.

Walikuja. Asali alikaa nyuma kabisa, jambo ambalo si kawaida yake.

"Shemeji," Mama Taipu alimwita, "nasikia umemtoa nyoka pangoni."

"Nilimtoa, dada."

"Alipotoka ukamwambia nini?"

Watu walicheka, na Asali naye akacheka. Baada ya hapo mazungumzo yakawa rahisi.

Mama Taipu aliwaeleza njia ya muswada. Huu ulikuwa umesomwa mara ya kwanza tu, yaani umetajwa mbele ya Bunge na kupelekwa kwenye kamati. Kamati ni wabunge wachache wanaokaa na kuuchambua kifungu kwa kifungu. Wakati huo hutangaza kwamba mwananchi yeyote anaweza kupeleka maoni, kwa maandishi au kwa mdomo. Baadaye muswada hurudi kwa Bunge zima. Hujadiliwa, hurekebishwa, ndipo hupigiwa kura.

"Unga mbichi unaufinyanga utakavyo," alisema. "Ukishaokwa, kilichobaki ni kuukata. Ninyi mna bahati. Huu bado haujaingia tanurini."

Skonzi aliinua mkono kama yuko darasani. Akauliza kama kwenda kumshawishi mbunge si sawa na kumhonga. Alikuwa amesikia watu wakisema hivyo.

"Kumshawishi ni kumpa sababu," alijibu Mama Taipu. "Kumhonga ni kumpa kitu ili asitafute sababu. Kumshawishi mbunge wako ni haki yako. Ile keki yenu mngeila wenyewe."

"Lakini wenye viwanda vya mikate wanakitaka kifungu hicho," alisema mwokaji mmoja. "Wao wana mawakili. Sisi nani atatusikiliza?"

"Wana mawakili, na wana haki ya kusema. Ninyi mna kura. Tena mna jambo ambalo mbunge hawezi kulijua asipoambiwa. Nimechapa hotuba nyingi mno. Mbunge akisimama na tarakimu, wenzake wanaongea pembeni. Akisema, 'Katika jimbo langu yupo mama mmoja,' wanageuka kumtazama."

Hapo Asali akapata wazo, na akashindwa kulizuia. Alisema ataandika ujumbe mmoja mzuri, na kila mtu autume kwa mbunge vilevile ulivyo. Skonzi akaongeza kwamba wangeweza hata kuwakodi vijana wa kupiga kelele nje ya ofisi.

Mama Taipu alitikisa kichwa. Ujumbe mia wenye maneno yaleyale, alisema, karani huuhesabu kuwa mmoja, na wala hakosei. Na sauti ya kukodi hujulikana, kwa sababu mwenye sauti hiyo akiulizwa swali la pili hana jibu. Kila mtu aseme yake, kwa maneno yake, hata kama hayakunyooka. Aseme yeye ni nani, kifungu kipi, kitamfanya nini, na anaomba nini.

"Hilo la mwisho ndilo watu husahau," alisema. "Wanalia, wanaondoka. Msiseme tu kifungu ni kibaya. Semeni mnataka kiandikweje."

Hili liliwatoa jasho. Wengine walitaka kifungu kifutwe chote. Mama Mkate, ambaye hasemi sana, alikataa. Alisema watu waliougua waliugua kweli, na yeye asingependa kula mkate uliookwa karibu na kuku. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana. Wangeomba kifungu kiruhusu chumba cha nyumbani, mradi kiwe cha kazi hiyo tu, kiwe na mlango wake wa kutokea nje, maji safi, na bomba la kutoa moshi. Pasiwe na mlango kati yake na sehemu wanamoishi watu. Asiingie mnyama.

"Hata paka?" aliuliza Skonzi.

"Hata paka."

Skonzi ana paka anayelala juu ya magunia ya unga. Alihuzunika, lakini akakubali.

Wiki hiyo kila mwokaji aliandika maoni yake ya kupeleka kwenye kamati. Asiyejua kuandika alisema, mwenzake akaandika. Naye Mama Mkate akapiga simu ofisini kwa mbunge. Hakumsifu mtu. Alisema jina lake na kazi yake, akaomba mheshimiwa aje kuona tanuri moja tu. Katibu alisema atamwarifu. Hakumwarifu. Mama Mkate akapiga tena, na tena, kwa upole uleule, mpaka katibu akawa anaijua sauti yake kabla hajajitambulisha. Kuna watu wanaona haya kurudia ombi. Yeye alikuwa anamfikiria mkwewe, na haya haikupata nafasi.

Mbunge akaja asubuhi moja, bila msafara. Asali alitaka kupamba mlango. Mama Taipu akamkataza, akamwambia nyumba ionekane ilivyo.

Mama Mkate alimwonyesha mbunge tanuri, maji na trei. Alisema kwamba kifungu cha tisa kitalifunga tanuri hili. Alisema anaomba chumba kiruhusiwe, chenye mlango wake. Alikuwa katikati ya maneno hayo sauti iliposikika kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mwanangu."

Mama Mkate alisita. Alimtazama mbunge, akatazama ukuta.

"Niwie radhi, mheshimiwa," alisema. "Nakuja."

Mbunge alimfuata mpaka mlangoni mwa chumba cha pili. Alimwona akipitisha mkono chini ya bega la bibi, akimvuta polepole, akiweka mto mgongoni, akinyoosha shuka. Alimsikia bibi akinong'ona kwamba leo mkate una harufu nzuri. Kisha Mama Mkate akarudi, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajifuta.

"Kwa siku unafanya hivi mara ngapi?" aliuliza mbunge.

"Kila anapoita."

"Na ukihamia sokoni?"

"Hilo ndilo nililokuitia, mheshimiwa."

Mbunge hakuahidi kitu. Alisema muswada huamuliwa na watu wengi na yeye ni kura moja tu. Lakini alitoa kalamu, akaandika maneno ya ombi lao kama yalivyo, akamsomea ili kuhakikisha hakukosea. Kabla ya kuondoka aliwaambia kamati itapokea wananchi mwezi huo, na kwamba yeye si mjumbe wake lakini ataomba waokaji wapewe nafasi ya kusema.

Siku ya kamati, Asali alifunga kibanda akabaki na mama yake. Mkewe alimfundisha namna ya kumgeuza, na Asali alisema kumnyoa simba ni rahisi zaidi. Mama Mkate alikwenda na Skonzi na wengine wachache. Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na vipaza sauti, na wabunge upande mmoja. Mwakilishi wa viwanda alitangulia kusema. Alisema vizuri, na mengine aliyoyasema yalikuwa kweli. Kisha Mama Mkate akaitwa. Aliogopa, na aliniambia mwenyewe kwamba alitamani ulimi wa mumewe kwa dakika moja tu.

Alisema yeye ni nani. Alisema kifungu kipi. Alisema kuhusu mkwewe, bila kulia na bila kuongeza chumvi. Alisema anachoomba. 

Mbunge mmoja mwenye miwani alimkazia macho. "Wewe ni msafi, tunakubali. Nitajuaje kwamba jirani yako hafugi kuku ndani ya chumba chake cha mkate?"

Swali hilo hawakuwa wamejiandaa nalo. Skonzi aliinamisha kichwa, nadhani akimfikiria paka.

"Njooni mtazame," alisema Mama Mkate. "Wekeni kwenye sheria kwamba bwana afya aje bila kutoa taarifa. Akikuta kuku, afunge. Akinikuta mimi na kuku, anifunge hata mimi."

Wabunge walitazamana. Yule mwenye miwani akaandika kitu. Kisha Skonzi akasema yake, kwa sauti ndogo, na wengine wakasema yao, na hakuna maneno yaliyofanana.

Baada ya hapo ulikuwa wakati wa kungoja, na kungoja kuna uchungu wake. Mama Taipu hakuwaacha wakae. Aliwaambia wawatafute waokaji wa majimbo mengine, ili nao waseme na wabunge wao, kwa sababu kura ya mbunge mmoja haibadilishi sheria. Asali ndiye aliyefaa kwa kazi hiyo. Kila msafiri aliyekaa kwenye kiti chake cha kunyolea aliondoka na habari ya kifungu cha tisa, na safari hii Asali aliifikia mapema, kabla ya kumaliza upande wa kwanza wa kichwa.

Bunge lilipoujadili muswada, tulisikiliza redio kibandani kwa Asali. Mbunge wetu alisimama. Alisoma rekebisho la kifungu cha tisa: chumba cha kazi hiyo tu, mlango wake wa nje, maji, bomba la moshi, pasipo mlango wa ndani wala mnyama, na ukaguzi usio na taarifa. Kisha akasema, "Mheshimiwa Spika, katika jimbo langu yupo mama mmoja." Mama Taipu alifumba macho, vidole vyake vikicheza juu ya goti kana kwamba bado anachapa. Wabunge wengine walipinga. Mmoja alisema kutakuwa na vyumba vingi mno vya kukagua. Wengine, kutoka majimbo ambayo hatujawahi kuyaona, walisimama wakasema nao wana waokaji kama hao. Kura ikapigwa kwa sauti. Spika akasema waliosema ndiyo wameshinda.

Asali alilia mbele ya wateja wake, mashine ya kunyolea mkononi.

Hawakupata kila walichotaka. Sheria iliongeza ada ya kibali, na waokaji wawili ambao vyumba vyao havikuwa na pa kutoboa mlango ilibidi waungane na wenzao. Paka wa Skonzi alihamishiwa ukumbini, na mpaka leo hajamsamehe. Lakini waokaji walimwendea mbunge tena, kumshukuru kwa maneno machache, mikono mitupu. Alishangaa. Alisema watu humjia wakiwa na shida, na ikiisha huwa hawaonekani. Mama Taipu aliwaambia njiani kwamba siku wakiwa na shida nyingine, mlango ule hautakuwa mzito.

Asali na fundi mmoja walitoboa ukuta wa nyuma. Vumbi lilijaa nyumba nzima, na bibi akauliza kutoka kitandani nani anaibomoa nyumba ya mwanawe. Waliuziba kwa matofali ule mlango uliokuwa ukitokea ukumbini, wakaacha kidirisha kidogo cha wavu juu ya ukuta, ili sauti ipite. Bwana afya alikuja bila taarifa. Alitazama maji, sakafu na kucha, akabandika kibali ukutani, na safari hii hakukaa mlangoni na kofia.

Sasa Mama Mkate hutoka kwa mlango mpya, huzunguka nyumba, huingia kwa mkwewe. Ni hatua chache zaidi kuliko zamani. Jana nilikuwa pale kununua mkate. Trei ilikuwa tanurini, na bibi aliita. Mama Mkate aliweka kitambaa chini, akatoka, na alifika kitandani kabla bibi hajaita mara ya pili.